Watiri na Chui wa Nyumba Kumi

Asiyeamini habari hizi na apande mpaka juu ya Othaya, pale majani ya chai yanapokoma na msitu wa Nyandarua unapoanza, aulize kwa Watiri mjane wa Gatimu. Ataonyeshwa na mtoto, ataonyeshwa na mbwa, na mbwa akiwa hayupo ataonyeshwa na kuku. Lakini akifika asikubali kile kiti kilicho karibu na jiko. Hapo ndipo Watiri huwaketisha watu anaotaka kuwadanganya vizuri.

Watiri hakuona darasa kwa ndani. Wenzake walipobeba vitabu yeye alibeba kuni, na kwa miaka thelathini aliingia msitu ule na kamba mkononi akatoka na mzigo mgongoni na habari mdomoni. Matope ndiyo yaliyokuwa karatasi yake. Siku chama cha kutunza msitu kilipotafuta maskauti, mwenyekiti wake, Kingori, alimwuliza mbele ya watu, "Mama Shiku, kwani wewe unajua kusoma?"

Watiri akainama njiani, akatazama chini kama mtu aliyeangusha sindano.

"Hapa amepita paa mwenye mimba," akasema. "Nyuma yake amepita mwanaume amevaa gambuti si zake, zinamchezea kwa mguu. Na wewe mwenyekiti, leo umesoma nini?"

Kingori akazitazama gambuti za shemeji yake alizokuwa amezivaa. Akamwandika kazi siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembea kando ya ua wa stima unaozuia ndovu, kung'oa mitego, na kubadilisha betri za kamera ndogo zilizofungwa kwenye miti. Ua huo ndovu anauheshimu. Chui anauona kama kamba ya kuanikia nguo. Na kwenye kigongo kile cha juu ya kijiji aliishi chui dume mmoja, mnene wa shingo, sikio la kushoto limepasuka, ambaye kila baada ya siku nne au tano aliuzunguka mpaka wake wote bila kukosa: kutoka mtoni, akapita chini ya mianzi, akashuka hadi kwenye mti mkubwa wa muiri ulio hatua chache kutoka mashamba. Kila mti wa mpaka aliupiga kucha, akaugeuzia mkia, akaunyunyizia, akaenda zake. Watu wakampa jina la Nyumba Kumi, kwa sababu mzee wa Nyumba Kumi wa kijiji chao hakuwahi kuzunguka hata nusu ya hapo. Wapo wanaosema chui huyo alikuwa mrefu kutoka mlango wa kanisa mpaka madhabahuni. Hao ni waongo. Mkia ulikuwa unabaki nje.

Kisha Watiri akapelekwa India.

Si hadithi, ana picha ukutani. Shirika moja lilitaka maskauti wa huku wakajifunze kwa walinzi wa huko namna watu wanavyoishi jirani na chui milia, yule mnyama mkubwa wa manjano mwenye mistari myeusi. Akaenda yeye na Kingori. Siku ya pili Kingori alionja pilipili ya wenyeji, na wiki mbili zilizobaki alizigawa kati ya kitanda na choo. Kwa hiyo yote yaliyotokea msituni yana shahidi mmoja tu.

Na shahidi huyo alirudi amejaa kama debe la maziwa. Aliwaambia watu kwamba chui milia dume alimpigia magoti. Kwamba alimpanda mgongoni wakavuka mto, na mnyama akaulizia kama Othaya kumenyesha. Watu walicheka, wakaamini nusu, wakaomba aongeze. Lakini aliposema kwamba mti ulionyunyiziwa na chui milia unanukia kama pishori, ule mchele wa Mwea unaouzwa kule Kutus, ukiwa umeiva na kifuniko ndiyo kwanza kimefunuliwa, hapo walikataa kabisa.

"Mama Shiku, hiyo peleka mbali," alisema jirani yake Muchiri, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kupanda mgongo nimekubali. Lakini mkojo na pishori? Aiii!"

Ajabu ni kwamba katika maneno yote aliyorudi nayo, hilo la pishori ndilo lililokuwa la kweli.

Lilikuwepo na la pili la kweli, ila hakuwaambia, kwa sababu halikuwa na utamu wa kuchekwa. Mlinzi mmoja mzee wa hifadhi ile, ambaye yeye na Watiri hawakuwa na lugha ya pamoja ila mikono, alimwita siku moja penye vumbi. Akachora kwa fimbo duara kubwa: dume. Ndani yake akachora maduara madogo matatu: majike na watoto wao. Akaashiria ng'ombe ameliwa, watu wamekasirika, nyama imetiwa sumu. Akalifuta duara kubwa kwa kisigino. Halafu akachora mishale kutoka kila upande, madume vijana wasio na kwao, wanaingia, wanapigana. Akaanza kuyafuta maduara madogo, moja, la pili, la tatu. Mwisho akachora ng'ombe wengi wamelala chali, maana kijana asiye na shamba hula panapopatikana.

Watiri hakuhitaji mkalimani. Gatimu mumewe alipokufa, maua ya kaburi yalikuwa hayajakauka bado pale shemeji zake watatu walipofika na panga na kamba ya kupimia, na yeye ana watoto wanne wadogo. Usiku mmoja itoka zikang'olewa. Itoka ni lile ua lenye majani marefu linalopandwa mpakani. Likishapandwa na wazee, anayelihamisha amejilaani mwenyewe. Waliokoka kwa sababu ya mtu mmoja. Muchiri alisimama mbele ya wazee, kijana wa juzi tu, akasema, "Mimi niliona Gatimu akipanda hizo itoka na mzee Mutahi, na shimo zake bado ziko. Njooni niwaonyeshe." Ndiyo sababu Watiri bado ana shamba, na ndiyo sababu Muchiri aliruhusiwa kumcheka kuliko watu wengine.

Basi mwaka huu, mvua za Machi zilipoanza, kondoo wa Muchiri wakaanza kuliwa. Mmoja, wa pili, kufikia wa sita, na wa sita alikuwa na mimba. Zizi lake lilikuwa la fito tu, halina paa. Muchiri akapiga simu hadi watu wa wanyamapori wakaleta sanduku la chuma, wakaliweka nyuma ya ua wa boma lake na mbuzi upande wa ndani. Siku ya tatu, jioni kabla ng'ombe hawajakamuliwa, mlango ukaanguka: paa! Ndani alikuwa Nyumba Kumi.

Asubuhi iliyofuata, baada ya mvua kubwa ya alfajiri, alifika daktari wa wanyama kutoka Nyeri mjini, msichana mwembamba aitwaye Lynn mwenye sauti kubwa kuliko yeye. Akamchoma chui sindano ya usingizi, akaingia sandukuni na Watiri akimshikia taa, maana ndani kulikuwa giza na madoa yanadanganya macho. Hapo wakaona kilichokuwa kimefichwa na manyoya. Mguu wa mbele ulikuwa umevimba kama mhogo. Waya ulikuwa umeingia nyamani.

"Mtego," alisema Lynn, akikata taratibu kwa koleo. "Uko hapa wiki tano, sita hivi. Mguu utapona, mama. Lakini hajatembea mbali siku nyingi. Kucha za huu upande hata hazijafanya kazi."

Akamkabidhi Watiri ule waya. Watiri akaupangusa damu kwa kanga. Ulikuwa wa kijani, wenye ngozi ya plastiki. Akautambua kabla hajamaliza kuupangusa. Kijiji kizima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyezungushia kabeji zake waya wa kijani. Watiri akautia mfukoni, akanyamaza, na kwake kunyamaza ni ugonjwa.

Saa nne watu wakakusanyika uwanjani, hatua chache kutoka kwenye sanduku. Lynn hakuzunguka. "Amepata dawa, ataamka. Nitamweka sandukuni mpaka saa kumi na moja, zaidi ya hapo atajiumiza. Iko hivi. Ama arudishwe hapa juu kwake, ama nimpeleke pori la mbali. Huko mbali nako kuna wenyewe, sitawadanganya, na mgeni mwenye mguu mbovu hakai. Lakini mkikataa, siwezi kumwachilia kwa nguvu halafu mumtilie sumu. Semeni."

"Aende!" alisema Muchiri, akisimama kabla hajaitwa. "Kondoo sita! Mimi ni nani, hoteli yake?"

"Aende," wakasema wengi.

Watiri akasimama. Aliwaeleza juu ya lile duara la vumbini, dume lililotolewa, vijana walioingia, ng'ombe walioongezeka kufa. Aliwaambia kigongo bila mwenyewe ni kama shamba la marehemu asiyeacha neno. Watakuja warithi ambao hata sura zao hamzijui. Alisema vizuri, polepole, bila kuongeza chumvi hata punje. Na hilo ndilo lililomponza, kwa kuwa watu walingoja mahali pa kucheka, wasipaone, wakapatengeneza wenyewe.

"Mama Shiku," ikatoka sauti nyuma, "huyo ni yule ulimpanda mgongo ama ni ndugu yake?"

"Muulize kama kutanyesha kesho!"

"Na harufu je? Huyu wetu ni pishori ama ni githeri?"

Uwanja ukavunjika mbavu. Hata Kingori, aliyejua njia ya India vizuri hadi chooni, alificha kicheko kwa kofia. Watiri akasimama katikati yao. Miaka yote alikuwa amewalisha uongo mtamu wakashiba, na leo alipowapikia ukweli hakuna aliyekuwa na njaa. Sandukuni chui akakoroma.

Ni kicheko hicho hicho kilichompa akili, akakumbuka alichokinusa asubuhi alipopita kwenye muiri.

"Vizuri," akasema. "Mimi ni mwongo. Mkojo ya chui wa India haina harufu ya pishori, na huyu wetu hana harufu ya bisi. Yaani zile mahindi za kupasuka wanauza kwa karatasi kule stendi ya Nyeri. Sasa twendeni kwa ule muiri mnuse. Ikiwa hamtasikia bisi, chui aende, na mimi sitafungua mdomo kijijini hii mwaka mzima."

Zawadi hiyo ilikuwa kubwa.

"Mwaka mzima?" akauliza Muchiri.

"Hata kanisani sitaimba."

Wakanyanyuka wote. Mbele alitangulia mzee Mutahi, aliyepanda itoka nyingi kuliko mtu yeyote wa kigongo kile, ambaye kesi ya mpaka haikuanza bila yeye. Miaka themanini na ushei, na pua iliyochoshwa na ugoro tangu ujana. Walipofika kwenye muiri, Watiri alimshika mkono akamsogeza kwenye shina, upande wa msituni.

Mzee akanusa. Akapangusa pua. Akanusa tena, safari hii amefumba macho.

"Kai," akashangaa. "Ni bisi."

"Mzee usitudanganye!"

"Pua yangu imekufa, na imesikia. Njoo wewe mwenye pua mpya."

Wakapanga mstari, wallahi kama siku ya kupiga kura. Mmoja mmoja aliinama mbele ya mti, akanusa, akainuka na uso mwingine. Kuna mama aliyenusa mara tatu, mpaka akaulizwa kama anataka na chumvi. Muchiri alikuwa wa mwisho. Akainama, akanusa hadi pua ikagusa gome.

"Basi ni kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Na ile ya pishori?"

"Na ile ya pishori."

Kijiji kilimtazama Watiri kama mtu aliyefumaniwa na jambo jema. Yeye hakuwaacha wapumue.

"Sasa niambieni," akasema. "Leo alfajiri mvua imenyesha ya kuangusha miti. Imeosha kila kitu. Hii harufu ni ya baada ya mvua, bado ni mbichi, guseni muone. Na Nyumba Kumi ako ndani ya sanduku kutoka jana jioni. Ni nani amekojoa hapa asubuhi?"

Watu wakarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye shina.

Watiri akapiga goti, akawaonyesha nyayo kwenye matope: mbichi, ndogo kuliko za Nyumba Kumi kwa upana wa kidole kizima. Akawaonyesha shina: juu, alama pana za kucha zilizokauka, zimeanza kuota ukungu, na chini yake alama nyembamba zinazotoa utomvu. Mzee Mutahi akapitisha mkono juu ya zile za zamani, kisha juu ya zile mpya, kama alivyozoea kupapasa mashimo ya itoka zilizong'olewa.

"Mwenye shamba hajapita hapa mwezi na zaidi," akasema mzee, akiwageukia watu. "Na mwingine amekuja kupanda itoka yake juu ya itoka za mwenyewe. Hii kesi nimesikia maisha yangu yote. Sikujua ni ya wanyama pia."

"Na kondoo zimeanza kuliwa lini?" akauliza Lynn.

"Mwezi na zaidi," akasema Kingori.

"Lakini kwa nini mwenyewe hakupita?" akauliza yule mama wa kunusa mara tatu. "Alienda wapi?"

Hapo waya wa kijani ukawa mzito mfukoni mwa Watiri kama jiwe la kusagia. Macho yote yalikuwa kwake. Ilikuwa ni kuutoa tu, na Muchiri angezikwa hai. Hata chama kingemshtaki.

"Alikuwa mgonjwa wa mguu," akasema. "Daktari amemtibu."

Watu wakaanza kushuka wakibishana. Watiri akabaki nyuma, na akamshika Muchiri shati. Chini, usawa wa paja, akaufungua mkono wake. Muchiri akaona.

"Ilikuwa ya paa," akanong'ona. "Walikuwa wanamaliza kabeji yangu. Mama Shiku, haki, nilikuwa nataka paa tu."

"Najua."

"Utawaambia?"

"Wewe ulisema nini mbele ya wazee, wakati wangu?"

"Nilisema chenye niliona."

"Basi," akasema Watiri, akamwekea waya mkononi, akaenda zake.

Uwanjani, Lynn akatazama saa. Naibu wa chifu alikuwa tayari kuhesabu mikono, na mikono ilikuwa imegawanyika, kwa kuwa mtu akishasema "aende" saa nne huona haya kusema "akae" saa saba. Hapo Muchiri akaingia katikati. Hakutazama mtu. Akauinua ule waya juu, kijani chake kikaonekana hadi kwa walioketi nyuma.

"Huyu chui hakula kondoo yangu," akasema. "Kwa mguu ule angerukaje fito za zizi? Ni mimi nilimfunga mguu. Niliweka mtego ya paa, ikamshika yeye. Mwenyewe akalala, mwizi akaingia. Kama ni faini, nitaenda na Kingori mpaka ofisi. Lakini arudishwe kwake. Na zizi yangu nitaiweka paa."

Kisha mzee Mutahi akagonga fimbo chini mara moja, kama anavyogonga mpaka ukishakubaliwa, na mikono ikapanda yote.

Saa kumi na moja walilipandisha sanduku kwenye gari hadi ukingo wa msitu. Watu walikaa mbali, ndani ya magari na juu ya miti, na Kingori ndani ya gari lililo nyuma ya magari. Lynn akavuta kamba, mlango ukainuka. Nyumba Kumi akatoa kichwa, sikio lake lililopasuka likicheza. Akashuka taratibu, akichechemea, wala hakukimbia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye muiri. Akanusa zile alama nyembamba. Akanusa sana, kama mtu anayesoma barua ya matusi. Kisha akasimama kwa miguu ya nyuma, akapiga kucha juu, mbali juu, kwa mguu mzima na kwa ule mgonjwa pia. Akageuza mkia. Akanyunyizia. Halafu msitu ukamfunika.

Muchiri alilipa faini yake, na zizi lake sasa lina paa la mabati na mlango wa mbao nene. Nusu ya wanakijiji wameiga. Mapambano ya kigongoni yalisikika siku mbili, mpaka ng'ombe wakakataa kutoa maziwa. Baada ya hapo kamera ya Watiri ilimwonyesha Nyumba Kumi peke yake, mwenye kovu jipya puani, akizunguka kila siku ya tano. Mwezi wa nane ilimwonyesha jike likipita chini ya mianzi, na nyuma yake watoto wawili wenye mikia iliyosimama wima. Chini ya muiri, mzee Mutahi na Muchiri wamepanda itoka, mstari mmoja mfupi, upande wa watu.

Na Watiri? Tatizo lake siku hizi ni lingine. Jumamosi sokoni Othaya alimkuta Muchiri amezungukwa na watu kumi na wanane, mkono mmoja hewani.

"...akanigeukia, ana kwa ana," Muchiri alikuwa anasema. "Akainua ule mguu mgonjwa, akanipungia. Akaniambia, 'Baba Wendy, yaliyopita yamepita.' Si uongo, muulizeni Mama Shiku, alikuwa hapo!"

Wote wakamgeukia Watiri. Akaweka kikapu chini, akatafakari sana, kama shahidi mbele ya wazee.

"Ni kweli," akasema. "Lakini umeruka ile sehemu alikuuliza kondoo zako wengine wanaendeleaje."